Mchezo Wafanyiwa Dhuluma: Akili na Viungo Vifunzwe Pamoja

Neno "mchezo" limebebeshwa lawama lisizostahili. Mzembe kazini huambiwa anafanya mchezo, na jambo zito husifiwa kwa kuambiwa kuwa si mchezo. Neno "viungo" nalo lina mkasa wake. Jikoni ni bizari, iliki na dalasini. Shuleni ni jina la somo, elimu ya viungo. Labda ndiyo maana somo lenyewe hutiwa kwenye ratiba mithili ya iliki kwenye chai: likiwepo ni sawa, likikosekana hakuna anayelala njaa. Mtihani ukikaribia, kipindi chake ndicho cha kwanza kutwaliwa na mwalimu wa hisabati. Dhana iliyojificha humo ni kwamba akili hufunzwa darasani na mwili uwanjani, na kwamba kila saa anayopewa mmoja ni saa aliyonyang'anywa mwenzake.

Dhana hiyo haisimami mbele ya mchezo wa kati. Watoto wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira wa matambara, naye wa tatu yu katikati akiukwepa. Katika namna mojawapo ya mchezo huu, huyo wa katikati huwa na chupa anayopaswa kuijaza mchanga huku akikwepa, kisha aimwage. Macho yanafuata mpira, mikono inachota, miguu iko tayari kuruka, na akilini kuna swali lisilokoma: je, nichote tena au nikimbie? Anayechota bila kutazama hupigwa. Anayetazama tu bila kuchota hamalizi. Wataalamu wa michezo huita hali hii kazi maradufu, yaani mwili na fikra kushughulishwa kwa wakati mmoja, na leo kuna wakufunzi wanaolipwa kuwafundisha vijana jambo ambalo watoto wa mitaani hujifunza bure.

Wanasaikolojia hutaja uwezo wa aina tatu unaomwongoza binadamu katika kutenda: kumbukumbu tendaji, kujizuia, na kubadili mkondo wa fikra hali inapobadilika. Adele Diamond na Kathleen Lee, katika makala yao ya mwaka 2011 katika jarida la Science, walichunguza njia za kuukuza uwezo huo kwa watoto wa miaka 4 hadi 12. Miongoni mwazo walitaja sanaa za mapigano, na wakasisitiza kwamba mazoezi yarudiwe mara kwa mara na ugumu wake uongezwe hatua kwa hatua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watafiti nchini Uswidi waliwapima wachezaji wa kandanda uwezo huo huo, wakaona kwamba waliofanya vyema katika vipimo ndio waliohusika zaidi katika mabao misimu miwili baadaye.

Wapo watakaodai kwamba haya yote yanapatikana kwenye simu, mtoto akiwa ameketi sebuleni. Madai hayo yamekwisha kuponza watu. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani iliyouza michezo ya akili ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya kushtakiwa kwa kuwahadaa wateja kuhusu manufaa ya bidhaa hiyo. Anayefanya mazoezi ya kubonyeza kioo huishia kuwa hodari wa kubonyeza kioo. Onyo hilo linawahusu watetezi wa uwanjani pia: kati haitamfanya mtoto afaulu kemia, na anayeahidi hivyo anauza dawa ya kienyeji bila kibali.

Faida iliyothibitika zaidi ni ya mwili wenyewe. Uchunguzi uliofanywa Norwei na kuchapishwa mwaka 2008 ulihusisha wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza kandanda. Waliopasha misuli kwa mpango wa dakika 20 unaowafunza kutua, kugeuka na kulidhibiti goti walipungukiwa na majeraha kwa takriban thuluthi moja. Kijana anayecheza Jumamosi kwa kujifurahisha tu, asiye na daktari wa timu wala bima, anauhitaji mpango wa namna hiyo kuliko mchezaji wa kulipwa.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Mwalimu aliye katika mazoezi ya kufundisha anaweza kuwapanga wanafunzi duara, amrushie mmoja mpira huku akitamka "ulimi". Mdakaji sharti aseme "ndimi" kabla ya kuurudisha. "Uso", "nyuso". "Ukuta", "kuta". Baadaye sheria ibadilishwe: nomino ya ngeli ya KI-VI mpira usidakwe, upigwe kwa goti. Darasa litacheka, wengi watakosea, na anayekosea atakuwa amejaribu kujizuia, kukumbuka na kuruka kwa pumzi moja. Ni vyema kuanza polepole, kwani mtoto aliyezidiwa na fikra hutua vibaya.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, lakini katika mitaa mingi watoto bado huonekana Agosti wakibeba mikoba asubuhi. Wakirudi jioni, uwanja walikokuwa wakichezea kati huenda umezungushiwa mabati.