Kuhamisha mafuta mwilini: Stockholm wanangoja siku saba, sisi je?

Mtu akienda kliniki ya urembo hapa Stockholm leo akataka mafuta ya tumboni yahamishiwe makalioni, hapasuliwi kesho yake. Daktari lazima kwanza amweleze, kwa mdomo na kwa maandishi, kitakachofanyika na madhara yanayoweza kutokea. Baada ya hapo sheria inamtaka angoje siku zisizopungua saba, ndipo aulizwe kama bado anataka. Akiwa hajatimiza miaka 18, habari inaishia hapo hapo.

Sheria hiyo ilianza kutumika Julai 1, 2021. Kabla yake Uswidi, nchi ambayo ina kanuni hata ya kutupa taka, ilikuwa imeuacha mlango huu wazi. Urembo haukuhesabiwa kuwa matibabu, na hata mtu asiyesomea uuguzi aliweza kumchoma mwenzake sindano ya kunenepesha midomo. Sasa sindano za namna hiyo ni za daktari, daktari wa meno au muuguzi aliyesajiliwa, na muda wa kungoja ni siku mbili. Kisu ni cha mwenye ubingwa unaohusika na kazi ile. Msimamizi ni mamlaka ya ukaguzi wa afya, IVO, na mteja amepata haki za mgonjwa, ikiwemo njia ya kudai fidia akiumizwa.

Nawaandikia hili ndugu zangu wa Maskati, Dubai na Doha kwa sababu jambo lenyewe limeshaingia majumbani mwetu. Binti anaonyesha picha kwenye simu, ameshapata bei, na kilichobaki ni tiketi ya ndege tu. Kabla ya kumkemea au kumruhusu, hebu tujue kwanza kinachofanyika.

Kazi yenyewe ilivyo

Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia, si daktari, kwa hivyo nitaeleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani.

Hatua ya kwanza ni kunyonya. Daktari hutia chini ya ngozi ya tumbo, kiuno au mapaja maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini. Adrenalini hubana mishipa midogo ili damu isitoke nyingi. Kisha huingiza mrija mwembamba, akaupeleka mbele na nyuma huku mafuta yakivutwa. Ufundi huu ulienezwa na daktari Yves-Gérard Illouz wa Paris tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Wazo la kuhamisha mafuta ni kongwe zaidi: mwaka 1893 daktari Mjerumani Gustav Neuber alitoa mafuta mkononi mwa mgonjwa akajazia kovu lililobonyea usoni.

Hatua ya pili ni kusafisha. Yaliyovutwa ni mchanganyiko wa mafuta, maji na damu. Huachwa yatuame, au huchujwa, au huzungushwa kwa mashine mpaka mafuta yajitenge.

Hatua ya tatu ni kupanda, na neno hili nimelichagua kwa makusudi. Seli ya mafuta iliyohamishwa haina mshipa wa damu. Siku za mwanzo inaishi kwa oksijeni inayopenya kutoka nyama iliyo jirani yake, mpaka mishipa mipya iifikie. Yakitiwa bonge moja, seli za katikati hufa, zikaacha vifuko vya mafuta au vinundu vigumu. Ndiyo maana fundi mzuri huyatia kidogo kidogo, mstari kwa mstari, kama mtu anayepanda mbegu badala ya kumwaga gunia. Hata hivyo theluthi moja, au hata nusu, yaweza kupotea miezi ya mwanzo. Yanayobaki yanaishi kama mafuta mengine: ukinenepa nayo yananenepa, ukikonda nayo yanakonda.

Kazi hii ina heri yake. Inawasaidia wanawake waliotolewa titi kwa saratani, walioungua na wenye makovu yaliyovuta ngozi. Wala isichanganywe na vitu vingine viwili. Kuna jeli za kujazia, kama Restylane iliyotoka Uppsala, mji ulio karibu tu kaskazini ya Stockholm. Hiyo ni jeli ya dukani, si mafuta ya mtu mwenyewe. Na kuna kile ambacho Dar es Salaam watu walikiita "Mchina", madawa ya kukuza makalio yanayouzwa vichochoroni. Hicho hakina daktari, hakina sheria, na anayeuza ukimtafuta baadaye humwoni.

Hatari inapokaa

Kila upasuaji una hatari zake, lakini huu wa makalio una moja ya peke yake. Chini ya msuli wa kalio na ndani yake mna vena kubwa, mishipa inayorudisha damu moyoni. Mrija ukizama humo ukapasua vena, mafuta yanafuata njia ya damu: yanafika moyoni, kisha mapafuni. Yakiziba mishipa ya mapafu, mtu anaweza kufa pale pale mezani, au saa chache baadaye. Usoni nako mafuta yakiingia katika mshipa usiofaa yanaweza kupofusha jicho.

Mwaka 2017 kikosi cha madaktari wa upasuaji wa urembo kilikusanya taarifa za madaktari wenzao wa nchi mbalimbali, kikakadiria kifo kimoja katika kila watu 3,000 hivi waliohamishiwa mafuta makalioni. Kwa jambo ambalo mtu anaingia akiwa mzima, hiyo ni hesabu ya kutisha. Mwaka uliofuata vyama vya madaktari hao vilitoa onyo la pamoja: mafuta yasitiwe ndani ya msuli, yaishie chini ya ngozi tu. Uingereza chama chao, BAAPS, kiliwaomba wanachama waache kabisa, na mwaka 2022 kikaruhusu tena kwa masharti, likiwemo la kuutazama mrija kwa altrasaundi wakati wote. Uchunguzi wa mwaka 2020, baada ya onyo kuenea, ulikadiria kifo kimoja katika watu 15,000 hivi.

Tofauti ya hesabu hizo mbili ina somo. Mahali mrija unapofika, na mkono unaoushika, ndivyo vinavyoamua mengi. Ndiyo sababu Florida, jimbo la Marekani lililozika wengi kwa jambo hili, mwaka 2022 liliweka kikomo: daktari mmoja asifanye zaidi ya watu watatu kwa siku. Mkono uliochoka unakosea.

Sheria inaishia uwanja wa ndege

Sasa tuje kwenye udhaifu wa hizo siku saba za Stockholm. Zinamlinda aliyeko Stockholm. Anayepanda ndege kwenda Istanbul ameziacha nyuma, na Waswidi wengi wanapanda, kama wanavyopanda wenzetu wa Ghuba. Bei huwa ndogo, na hoteli, gari na mkalimani vimo ndani. Lakini mpango wa namna hiyo mara nyingi hauna nafasi ya kungoja. Malipo ya awali yametolewa, chumba kimelipiwa, ndege ya kurudi ina tarehe. Aliyekushauri kwa WhatsApp ni muuzaji aliyetazama picha. Daktari mwenyewe unamwona asubuhi, mchana uko mezani. Ukiingiwa na wasiwasi saa ile, nani atarudi nyuma?

Marekani kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilihesabu vifo 93 vya raia wake waliokwenda kufanyiwa upasuaji wa urembo Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022. Kilipochunguza vifo vya 2019 na 2020, wengi walikuwa wamezibwa mapafu, ama kwa mafuta, ama kwa damu iliyoganda. Hapa kuna jambo wauzaji hawalitaji: aliyehamishiwa mafuta makalioni huambiwa asikalie makalio yake kwa muda wa wiki kadhaa, na huyo huyo anatiwa kwenye kiti cha ndege. Kukaa saa nyingi bila kutembea baada ya upasuaji kunazidisha hatari ya damu kuganda miguuni. Akifika nyumbani na homa, bima nyingi hazilipi madhara ya urembo.

Wala tusidhani ni Ulaya na Uturuki tu. Nairobi, Oktoba 2024, mwanamke mfanyabiashara alifariki dunia baada ya upasuaji wa urembo, na baraza la madaktari la Kenya likakifunga kituo alichofanyiwa.

Siku saba za nyumbani

Kwa vile sheria ya Stockholm haitufuati, basi tuziweke hizo siku saba wenyewe, nyumbani. Tangu siku binti apewe bei mpaka siku atoe pesa, wiki moja ipite, na katika wiki hiyo apate majibu ya maswali haya kutoka kwa daktari mwenyewe, si kwa muuzaji:

Mafuta utayatia juu ya msuli au ndani yake, na utatumia altrasaundi? Ni wewe utakayeshika mrija, mwanzo hadi mwisho? Siku hiyo mimi ni wa ngapi? Pakitokea jambo, hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi iko wapi? Nitakaa mjini siku ngapi kabla ya kupanda ndege? Na jina la daktari litafutwe katika rejista ya nchi yake. Uswidi rejista hiyo iko kwa Socialstyrelsen, Dubai iko kwa Mamlaka ya Afya ya Dubai. Akisita kujibu, hilo nalo ni jibu.

Wanaotaka kujua dini inasemaje, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, likatofautisha: kurekebisha kilema, kovu au madhara ya ajali na ugonjwa kunaruhusiwa, kubadili umbo la kawaida kwa kufuata matamanio hakuruhusiwi. Kila familia ina shekhe wake wa kumwuliza, na wiki hiyo inatosha kumwuliza.

Wako watakaosema mwili ni wake na pesa ni zake. Sawa, ni mtu mzima. Lakini siri ndiyo inayoua. Binti anayeaga kwamba anakwenda kununua nguo, kumbe anakwenda kupasuliwa, akipata homa usiku wa pili hotelini au pumzi ikimbana ataogopa kupiga simu nyumbani, na hizo saa anazoogopa ndizo ambazo angeweza kuokolewa. Mama, khalati, shangazi, mwambieni mapema, kabla hata hajataja safari: hata kama hatukubaliani na jambo hili, ukipata tabu piga simu, hata iwe saa tisa ya usiku, maneno tutasema baadaye.