Kikapu: Kwa nini mabingwa wa Nigeria hushinda uwanjani na kukwama ofisini?

Timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Nigeria, D'Tigress, imetwaa ubingwa wa Afrika mara tano mfululizo: 2017, 2019, 2021, 2023 na 2025. Kombe la mwisho ililichukua Agosti 2025 mjini Abidjan, Ivory Coast, kwa kuifunga Mali pointi 78 kwa 64.

Mara tu waliporudi Abuja, serikali ya Rais Bola Tinubu ilitangaza zawadi: kila mchezaji fedha zenye thamani ya dola 100,000, nyumba na nishani ya taifa. Siku chache kabla, wanawake wa soka wa nchi hiyo walikuwa wameahidiwa zawadi kama hizo baada ya kuwa mabingwa wa Afrika. Wanigeria wengi walishangilia. Wengine walihoji, kwa sababu wauguzi wa hospitali za umma walikuwa ndio kwanza wamesitisha mgomo wao wa kudai maslahi.

Lakini kuna swali kubwa kuliko hilo la zawadi: timu hii huangaliwaje kabla ya kushinda?

Kombe la Dunia lililopotea

Mwaka 2021, baada ya kutwaa ubingwa mjini Yaoundé, Cameroon, wachezaji walitoa video wakidai posho na marupurupu ambayo hawakuwa wamelipwa. Mwaka uliofuata mambo yalizidi kuharibika. Makundi mawili yalikuwa yakigombea uongozi wa shirikisho la kikapu la nchi hiyo. Mei 2022 serikali ikaamua kuiondoa Nigeria katika mashindano yote ya kimataifa ya kikapu kwa miaka miwili, ikisema inataka kusafisha mchezo huo.

D'Tigress walikuwa tayari wamefuzu Kombe la Dunia la Septemba mwaka huo mjini Sydney, Australia. Shirikisho la dunia, FIBA, likawaondoa na kuipa Mali nafasi yao. Wiki chache baadaye serikali ilibadili uamuzi, lakini nafasi ilikuwa imeshakwenda.

Kombe la Dunia huja kila baada ya miaka minne. Kwa mchezaji wa miaka 30, kukosa moja huenda ndiyo kukosa la mwisho. Waliogombana walikuwa viongozi, walioadhibiwa ni wachezaji.

Boti ya Paris

Julai 2024, Michezo ya Olimpiki ya Paris ilifunguliwa kwa wanamichezo kupita kwa boti katika Mto Seine. Kwa mujibu wa shirika la habari la Associated Press, D'Tigress walizuiwa kupanda boti ya msafara wa nchi yao wenyewe.

Siku tatu baadaye waliifunga Australia, moja ya timu bora duniani, 75 kwa 62. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Nigeria katika kikapu cha wanawake cha Olimpiki tangu 2004. Walifungwa na Ufaransa, wakaishinda Canada 79 kwa 70, na kuwa timu ya kwanza ya Afrika, ya wanaume au ya wanawake, kufika robo fainali ya kikapu cha Olimpiki. Huko walisimamishwa na Marekani, 88 kwa 74.

Kocha wao, Rena Wakama, alichaguliwa kuwa kocha bora wa mashindano hayo ya wanawake. Mwaka 2023 alikuwa ameshaweka historia kama mwanamke wa kwanza kuiongoza timu kutwaa ubingwa wa Afrika.

Basi nguvu yao inatoka wapi?

Sehemu kubwa ya jibu iko nje ya Nigeria. Wengi wa wachezaji ni watoto wa wahamiaji wa Kinigeria waliozaliwa au kukulia Marekani. Wamefundishwa katika shule na vyuo vikuu vya huko, vyenye viwanja vya ndani, makocha na madaktari. Wakama mwenyewe alizaliwa Marekani.

Hilo si kosa, kwani mtoto wa Mnigeria ni Mnigeria. Ila ina maana kwamba gharama za kumwandaa mchezaji zimebebwa na wengine, na njia hiyo ina mipaka yake. Kanuni za FIBA zinaruhusu timu kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia wa nchi hiyo baada ya kutimiza miaka 16. Mwaka 2021 nyota Nneka Ogwumike, aliyeichezea Marekani kwa miaka mingi, alikataliwa kuichezea Nigeria katika Olimpiki ya Tokyo.

Msichana mrefu na mwepesi aliyeko kijijini Benue hana chuo cha Marekani. Anategemea uwanja wa shule na ligi ya nyumbani, na mambo hayo hayajengwi na zawadi ya siku moja Ikulu.

Kwetu Afrika Mashariki

Mwaka 2023 mashindano ya Afrika yalichezwa Kigali, katika ukumbi wa BK Arena uliofunguliwa 2019. Wenyeji Rwanda waliitoa Uganda katika robo fainali, kisha wakafungwa na Nigeria katika nusu fainali. Ukumbi mzuri na maandalizi ya mapema viliwafikisha mbali, ingawa kombe lilibaki kwa Wanigeria.

Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Neno hilo, kutunzwa, lina maana mbili: kupewa tuzo na kuangaliwa vizuri. D'Tigress sasa wamepewa tuzo. Ubingwa wa Abidjan umewapa pia tiketi ya Kombe la Dunia la Septemba 2026 mjini Berlin, Ujerumani. Kipimo cha viongozi wao ni mambo madogo: kambi kuanza mapema, posho kulipwa kabla ya safari, na uongozi wa shirikisho usio na ugomvi. Wachezaji wameshaonyesha wanachoweza bila hayo.