Mtandao wa TARI na Muhogo Unaofika Soko la Buguruni

Muhogo unaouzwa katika Soko la Buguruni, jijini Dar es Salaam, unaweza kuonekana mzima kwa nje ilhali ndani umeoza kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Hasara humwangukia mkulima, mfanyabiashara na mlaji.

Kukabiliana na matatizo ya aina hiyo ni jukumu la Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2016, ambayo makao makuu yake yapo Dodoma. Vituo vyake vimegawana mazao: Naliendele mkoani Mtwara kinaongoza utafiti wa korosho, Ukiriguru mkoani Mwanza pamba, Kihinga mkoani Kigoma michikichi na Kibaha mkoani Pwani miwa. Mikocheni, Dar es Salaam, kimebobea katika bayoteknolojia.

Muhogo unaonesha umuhimu wa vituo hivyo kushirikiana. Virusi vya ugonjwa huo huenezwa na inzi weupe pamoja na pingili zinazohamishwa kutoka shamba moja hadi jingine, bila kujali mipaka ya mikoa. Maabara ya Mikocheni hutambua virusi, huku Kibaha, Naliendele na Ukiriguru vikitafiti mbegu zinazostahimili. Mbegu za Kiroba na Mkuranga 1 ni miongoni mwa zilizokwisha kupatikana.

Hata hivyo, mkulima anayepanda pingili za jirani zenye maambukizi hanufaiki na utafiti huo. Mafanikio ya mtandao huu yatapimwa kwa wingi wa pingili safi, zilizothibitishwa ubora, zitakazowafikia wakulima vijijini kabla ya msimu wa kupanda.