Mwana Akikua, Baba Huwa Nani?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuzitaja haki za wazazi na watoto, za mume na mke, kana kwamba watu hao wamekaa mahali pamoja maisha yao yote. Ukweli ni kwamba mtu yule yule leo ni mwana, kesho ni mume, keshokutwa ni baba, na Mungu akimjaalia umri atakuwa babu. Katika Suratur-Rum, aya ya 54, Mola wetu anatukumbusha kwamba alituumba katika udhaifu, akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu akatujaalia udhaifu na mvi. Kila daraja ina adabu yake, na ugomvi mwingi wa majumbani huzuka pale daraja inapobadilika lakini ndimi zikabaki kusema maneno ya daraja iliyopita.

Nayaandika haya nikiwa Kegonga, Kuria Mashariki, katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Waislamu huku ni wachache. Wenyeji wengi ni Wakuria, ambao ndugu zao wengine wako ng'ambo ya mpaka, upande wa Tarime. Ingawa ni mbali na bahari yetu, watu hawa wana mpango wa vizazi unaostahili kutafakariwa. Kila mtu huzaliwa ndani ya kizazi chenye jina, na vizazi hivyo, wenyewe huviita amakora, ni vinane, vimegawanywa katika mizunguko miwili ya majina manne manne. Mtoto huchukua jina linalofuata la baba yake. Basi ukihesabu kwa lugha yetu, mwana, mjukuu na kitukuu wana majina yao, na akizaliwa kilembwe, jina la mzee wa kwanza hurudi.

Wakuria huweka pia adabu maalumu baina ya vizazi hivyo. Kati ya kizazi cha baba na cha mwana pana staha na kujizuia, lakini kati ya babu na mjukuu pana utani na wepesi. Nasi Pwani tunalijua hilo. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na watu wote wakacheka, ilhali hakuna athubutuye kutania hivyo mbele ya baba mkwe. Baba amebeba mzigo wa kuamrisha na kukataza, na babu ameshautua. Taabu ipo katikati, katika ile miaka ambayo baba hajautua mzigo wote na mwana ameshaanza kuubeba.

Niliitwa kusuluhisha jambo la namna hiyo katika nyumba moja ya Waislamu wa huku, nami nitalieleza kwa kusitiri. Mzee ana ng'ombe, na macho yake yamepungua nguvu. Mwanawe mkubwa alifanya kazi Mombasa miaka mingi, akawa analeta fedha nyumbani, na kwa fedha hizo ng'ombe wakaongezeka. Sasa amerudi, na ndiye anayelima na kuchunga. Muhula wa shule ulipofunguliwa, aliwapeleka ng'ombe wawili mnadani, akamlipia mdogo wake karo. Baba alipata habari kwa jirani.

Mzee aliniambia, "Sheikh, nimekuwa mgeni ndani ya boma langu." Kijana akasema, "Fedha ni zangu, na karo si ya mwanangu, ni ya mwanawe." Hakuna aliyesema uongo kati yao.

Niliwauliza swali moja: fedha zile zilipokuwa zikiletwa, zilikuwa hiba au amana? Maana katika sheria yetu hayo ni mambo mawili. Zikiwa hiba, na mzee akazipokea, ni mali yake, na mwana hana ruhusa ya kuuza kilichonunuliwa kwazo bila idhini. Zikiwa amana, ng'ombe ni wa mwana, na mzee alikuwa mwangalizi. Wakatazamana. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo. Baba alidhani anapewa, na mwana alidhani anawekewa.

Kisha likazuka la tatu. Mmoja wa ng'ombe waliouzwa aliingia zizini kwa ndoa ya binti wa nyumba ile. Kwa desturi ya Wakuria, ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada ndio wanaomwezesha kaka yake naye kuoa, na desturi hiyo imewaunganisha ndugu wengi kwa wema. Lakini kwetu Waislamu, aya ya 4 ya Suratun-Nisaa iko wazi kwamba mahari ni ya mwanamke mwenyewe, naye akitoa sehemu kwa ridhaa yake, ni halali kuila. Binti huyo hakuulizwa na baba, wala na kaka. Alipoitwa, alisema hana haja ya kuwanyang'anya ng'ombe, ila angependa naye ahesabiwe kuwa mtu wa nyumba ile.

Tulimaliza kwa maandishi na mashahidi: ng'ombe kadhaa ni wa mzee, kadhaa ni wa mwana, na thamani ya yule wa binti ni deni juu ya kaka, litalipwa baada ya mavuno. Mwana ataendelea kusimamia kazi zote, lakini hatampeleka mnyama yeyote wa baba mnadani kabla ya kwenda kuketi naye na kumtaka ruhusa. Mzee naye amekubali kutomgombeza mwanawe mbele ya mkewe na watoto wake. Sharti hili la mwisho ndilo lililomtia uzito zaidi.

Tuna kigezo katika sira. Mtume (S.A.W.) alifiwa na babu yake akiwa na umri wa miaka minane, akalelewa na ami yake Abu Talib. Miaka ikapita, yule mtoto akawa mtu mzima mwenye nyumba, na Abu Talib akawa mzee mwenye watoto wengi na mkono mfupi. Ukaja ukame mkali juu ya Makureshi. Mtume akamwendea ami yake Abbas, wakaafikiana kumpunguzia Abu Talib mzigo. Wakaenda kwake, wakamweleza nia yao. Abu Talib akaomba aachiwe Aqil, basi Mtume akamchukua Ali, na Abbas akamchukua Jaafar. Zingatia, ndugu yangu, kwamba aliyelelewa amekuwa mlezi, lakini alikwenda kwa adabu na kumwachia mzee nafasi ya kuchagua.

Wenye kuwa wazee wajue kwamba wahenga walisema, mwana mkuwa nawe ni mwenzio kama wewe. Mshirikishe mapema, mwambie lipi ni lake na lipi si lake, na ukitoa, wafanyie watoto wako uadilifu. Nawe mama uliyeshika jiko miaka thelathini, mke wa mwanao akiingia, mpe sehemu yake ya kazi na ya maamuzi. Asiyepewa chochote hujifunza kunyakua.

Nanyi vijana, matumizi ya mzazi asiye na uwezo ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 57, imempa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali. Shilingi 2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii, kwa waliofikia miaka 70, ni msaada mwema, lakini hazikuondolei wewe deni lako. Wala fedha za simu pekee hazitoshi. Suratul-Israa imetufunza kumshushia mzazi bawa la unyenyekevu, na hilo halitumwi kwa simu. Hata ukiwa wewe ndiye unayenunua unga, piga hodi mlangoni kwa mzee, umuulize rai yake, kisha umsikilize mpaka amalize.

Juma hili, kila nyumba yenye mali iliyochanganyika baina ya mzazi na mtoto ikae, itamke hiba ni ipi na amana ni ipi, na iandike. Na binti zenu waitwe katika kikao hicho.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, tujaalie tuwe wazee wasiolemea watoto wao, na watoto wasiowadhalilisha wazee wao. Amin.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.