Mpaka Utapita Katikati ya Kambi?

Ndugu wafanya kazi,

Katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita, habari za mishahara zilipokwisha, ndugu mmoja alisimama akatoa shauri kwamba hizi kaunti 47 zivunjwe, na nchi igawanywe upya katika majimbo machache, kila jimbo kwa watu wa lugha moja na mila moja, ili kila watu wajitawale bila kusumbuliwa na jirani. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa mwenyekiti alisema saa zimekwisha, nimeomba nafasi hapa nimjibu kwa heshima.

Ndugu huyo si mjinga wala si mtu mbaya. Mtu asiyetaka lugha ya mama yake ife, au shamba la babu yake lichukuliwe, ana haki. Watu wa KADU waliodai majimbo kabla ya Uhuru walikuwa na hofu ya kweli. Waliona makabila makubwa yameshika KANU, na waliogopa kwamba ardhi iliyochukuliwa na masetla ikirudi itakwenda kwa wengine. Hofu hiyo siicheki.

Lakini mstari utapita wapi? Jambo hili limekwisha jaribiwa. Katika 1962 Waingereza walileta tume ya mipaka, ikazunguka ikisikiliza wazee na vyama, na kila ujumbe ulivutia kwake. Kitale ilidaiwa na Waluhya, ikadaiwa na Wakalenjin, ikabaki Bonde la Ufa. Kericho, ambayo miaka yote ilikuwa Nyanza, ilihamishwa pia ikatiwa Bonde la Ufa. Watu wa Meru na Embu lugha zao ni jamaa ya Kikikuyu, tena walikuwa mkoa mmoja nao. Hata hivyo wakaingia Mashariki pamoja na Wakamba na watu wa Marsabit. Basi ni mila gani iliyochora mpaka huo? Ni siasa, na hesabu ya nani anamwogopa nani. Kaskazini ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Wasomali wengi walitaka kuungana na Somalia, nao wakapewa jimbo la saba katika Machi 1963. Hawakuridhika, na vita vya Shifta vikaendelea mpaka 1967.

Tena hayo makabila tunayotaka kuyajengea ukuta si ya zamani kama tunavyodhani. Reli ilifika Kisumu katika 1901. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyejiita Mkalenjin. Kulikuwa na Mnandi, Mkipsigis, Mtugen na wengine. Majina ya Waluhya, Wakalenjin na Wamijikenda yalishika nguvu katika miaka ya 1930 na 1940, watu walipotaka sauti kubwa mbele ya Serikali. Hawakufanya kosa, na sisi wa vyama vya wafanya kazi tulifanya vivyo hivyo. Lakini jina lililokuja baada ya garimoshi haliwezi kuitwa mpaka uliowekwa na Mungu.

Sasa nije kwetu kambini. Baba yangu alitoka Magharibi akiwa kijana, akaja kuchuma majani chai. Mimi nilizaliwa katika kambi hii hii. Mke wangu ni Mkisii. Jirani wa kulia ni Mkipsigis, wa kushoto ni Mjaluo, na watoto wetu wote wakigombana hugombana kwa Kiswahili. Mwaka juzi nilikwenda ofisi moja kuomba basari ya binti yangu. Karani akatazama jina, akaniambia, "Mzee, nenda ukaombe kwenu." Nikapanda gari mpaka kwa babu yangu. Huko nikaulizwa, "Wewe unapiga kura wapi?" Nilipojibu, wakanirudishia karatasi. Mtoto alikaa nyumbani muhula mzima. Katika ramani ya ndugu yetu, mimi ni wa jimbo gani?

Na hilo la basari ni dogo. Septemba 1991 wanasiasa walifanya mikutano Kapsabet na Kericho kudai majimbo, na walipoeleza maana ya majimbo walisema wageni warudi kwao. Oktoba nyumba zikaanza kuchomwa upande wa Tinderet. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yakaja makubwa zaidi, wakafa watu zaidi ya 1,100. Wenye umri wangu wanakumbuka ni nani aliyelala porini, na ni jirani gani aliyeficha watoto wa mwenzake chini ya kitanda. Waliosema maneno yale jukwaani walilala kwao.

Watu wa kazi wamewahi kufanya namna nyingine. Januari 1947 huko Mombasa waligoma kiasi cha watu 15,000, wa bandari, wa reli na wa nyumbani, wakiwa wa kila lugha. Katika mji huo wa pwani wakamkubali Chege Kibachia, Mkikuyu, awe kiongozi wao. Hawakumwuliza kwao ni wapi. Waliuliza posho na kodi ya nyumba.

Kaunti nazipenda kwa mambo mengine. Zahanati imekaribia, na barabara ya kiwandani imetiwa changarawe. Ugatuzi uendelee, na lugha zetu zifundishwe watoto wadogo, hata Kikipsigis wafundishwe wangu. Ninachokataa ni haki ya mtu kufuata damu badala ya mahali anapoishi na kulipa kodi. Sheria yenyewe inatusaidia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema katika nafasi za kuanzia kazi, angalau asilimia 30 zijazwe na watu wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti hiyo. Ni wangapi katika tawi letu wamepata kuisikia? Ni mtoto gani wa kambi aliyeajiriwa kwa kifungu hicho?

Kwa hiyo naomba mkutano ujao tupitishe mambo mawili. Katibu aiandikie kaunti kuuliza hesabu ya hiyo asilimia 30, na adai basari itolewe kwa mtoto yeyote anayesoma na kukaa hapa. Ndugu yangu naye aje na ramani yake. Nitaleta kalamu, anionyeshe mstari utakavyopita kati ya nyumba yangu na ya jirani.

Mimi ndugu yenu,
Mchuma Majani