Gari la Zamani Halidai Oili Nzito

Peleka Hilux ya dizeli ya mwaka 1998 kwenye gereji yoyote, iwe Ilala, Njombe au Bukoba, useme inakula oili kidogo. Boneti haijafunuliwa, dawa umeshapewa: "Hii injini imechoka, bosi. Weka nzito." Nzito maana yake ni 20W-50, na kwa mafundi wa kizamani zaidi ni ile "namba 40" inayopimwa kutoka kwenye pipa. Ushauri huu umezoeleka kiasi kwamba anayeuliza sababu huonekana mjuaji. Basi na nionekane mjuaji. Kwa dizeli nyingi za zamani tunazoendesha, ushauri huo ni wa hovyo, na unawatoza watu gharama ya injini nzima kwa ajili ya kukwepa gharama ya ringi.

Hoja yenyewe inasikika vizuri. Injini ikizeeka vyuma vinalika, nafasi kati ya ringi za pistoni na silinda inapanuka, beringi za krenki zinalegea. Kwa hiyo oili nzito itajaza hizo nafasi. Lakini huzibi kibuyu kilichotoboka kwa kukijaza uji badala ya maji. Oili nzito itapanda polepole zaidi kwenda kuungua, moshi wa bluu utapungua kwa muda, mwenye gari atafurahi. Huku chini mambo ni yaleyale: gesi ya moto inapenya kwenye ringi na kushuka hadi kwenye sampu, ikiwa na masizi na dizeli ambayo haikuungua. Masizi yanaongeza uzito wa oili, dizeli inaizimua. Oili inayochafuliwa namna hiyo ndiyo mwenye gari hataki kuimwaga, maana anajiambia kwamba inajibadilisha yenyewe, si anaongeza nusu lita kila wiki? Kuongeza si kubadili. Kinachoungua ni oili, uchafu mwingi unabaki palepale, na filta ya mwaka jana imeshashiba zamani.

Fundi akibanwa hukimbilia geji. "Tazama presha ilivyopanda!" Ni kweli imepanda. Presha hiyo, hata hivyo, inaonyesha ukinzani: pampu inasukuma, njia za oili zinakataa, mshale unapanda. Oili ikiwa nzito, njia zinakataa zaidi, na mshale unaweza kusoma juu wakati oili inayofika kwenye beringi imepungua. Isitoshe, pampu ina valvu ya kupunguza presha. Oili ikiwa nzito na injini ni ya baridi, valvu hiyo hufunguka na kurudisha sehemu ya oili kwenye sampu kabla haijafika popote. Dereva anaona presha nzuri, kemshafti kule juu inasubiri.

Dar es Salaam kusubiri huko ni kufupi, kwa sababu alfajiri ya Dar haina baridi ya kutisha. Nenda Makete mwezi wa Juni, kunapopambazuka kukiwa na sakitu kwenye nyasi, ndipo utajua namba za kwenye dumu, kama 20W-50, zina maana gani. Ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza oili inavyokubali kusukumwa ikiwa baridi, na ikiwa ndogo ni nafuu. Ya pili inaeleza mnato wake kwenye nyuzijoto 100, karibu na joto la kazi. Katika kipimo cha SAE, 40 ni mnato wa kuanzia sentistoki 12.5 hadi chini ya 16.3; 50 inaanzia hapo hadi chini ya 21.9. "Namba 40" tupu haina W kabisa. Maana yake mtengenezaji hajakuahidi lolote kuhusu alfajiri ya Makete. Mwenye Prado ya 1KZ ana hofu zaidi, kwa sababu mhimili wa turbo unazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika ukielea juu ya utando wa oili tu, na oili inayochelewa kufika pale inachelewesha kila kitu isipokuwa bili.

Lakini uzito si kosa kubwa kuliko yote. Kosa kubwa ni kwamba ubishi wa uzito unamfanya mnunuzi aache kusoma upande wa nyuma wa dumu, mahali penye herufi mbili au tatu zinazoamua zaidi afya ya dizeli yake. API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, hupanga oili kwa makundi: yanayoanza na S ni ya petroli, yanayoanza na C ni ya dizeli. Chukua dumu la bei rahisi la 20W-50 dukani na uligeuze. Mara nyingi utakuta SG/CD. S imetangulia, maana oili hiyo kwanza ni ya petroli, na dizeli imetajwa kama mgeni. Hiyo CD ni kiwango cha mwaka 1955, na API yenyewe imeshakiweka kwenye orodha ya viwango vilivyopitwa na wakati. Mtu anaingia dukani akijiona mtaalamu kwa kuwa ameomba 50 na si 40, anatoka na oili yenye kiwango cha dizeli kilichowekwa kabla nchi yake haijapata uhuru.

Dizeli inatoa masizi, na injini zetu za zamani zinatoa mengi. Oili ya dizeli ina viambato vya kuyashika masizi yasishikane mabonge, na vingine vya kuua asidi inayozaliwa na salfa ya mafuta. Kazi hiyo haifanywi na uzito. Ndiyo maana oili nzuri ya dizeli huwa nyeusi upesi, pengine siku chache tu baada ya kumwagwa ya zamani, na mwenye gari anarudi gereji kulalamika kwamba ameuziwa feki. Weusi huo ni masizi yaliyobebwa. Ungeyataka yabaki wapi, kwenye mifereji ya ringi?

Wapo wanaosema viwango vipya ni vya gari mpya. Kuna chembe ya ukweli, ila imekaa mahali pengine. CK-4 ya mwaka 2016 imezingatia injini zenye mitambo ya kusafisha moshi ambayo Hilux ya 1998 haijawahi kuiona, na FA-4 iliyotoka nayo ni nyepesi mno, usiiguse. Lakini CI-4 ya mwaka 2002 iliandaliwa ihimili dizeli yenye salfa hadi asilimia 0.5, yaani 5,000 ppm, na inaruhusiwa kuchukua nafasi ya CH-4, CG-4, CF-4 na hata hiyo CD. Dizeli ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishushwa kwa kanuni hadi 50 ppm mwaka 2015. Kwa hiyo 15W-40 ya CI-4, ya madini tu wala si sintetiki ya bei mbaya, inaitosha injini ya 3L, 5L au 1HZ ya Toyota, au 300Tdi ya Land Rover, na inabaki na akiba hata ukikuta dizeli chafu huko vijijini.

Imani hii ya "weka nzito" haiishi kwa ujinga tu. Kuna watu inawalisha. Dalali akipokea gari lenye injini inayopumua, hafungui injini. Anamwaga oili, anajaza iliyo nzito kuliko zote sokoni, na kabla mteja hajafika anaiwasha injini ikapata moto. Mlio wa vyuma unafifia, taa ya oili haipepesi injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, moshi unaonekana wa kawaida. Mteja anazunguka gari anapiga matairi teke. Ukitaka kumkomesha, fika saa 12 asubuhi bila kupiga simu na uguse boneti kwa kiganja. Kama ni ya moto, agana naye. Kama ni ya baridi, chomoa kijiti cha kupimia na utazame oili inavyodondoka. Ikining'inia kama haitaki kuachia, uliza ni namba ngapi na imewekwa lini. Washa, kisha fungua kifuniko cha kujazia oili na ukiweke kinyumenyume juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mikupuo, ringi zimekwisha, na hakuna dumu litakalozirudisha.

Sisemi 20W-50 ni sumu. Vitabu vya gari hizi vina majedwali ya joto, na huruhusu uzito zaidi ya mmoja. Land Cruiser inayobeba watalii mchana kutwa kwenye joto la Manyara inaweza kuitumia bila ubaya, na injini ambayo presha yake inaanguka ikipata moto inaweza kusogezwa nayo hadi pesa ya matengenezo ipatikane. Hata hapo, 20W-50 iliyoandikwa CF-4 au CI-4 ni bora kuliko 15W-40 ya petroli. Ninachokataa ni kuifanya sheria kwa sababu tu gari limezaliwa zamani. Zipo 1HZ zenye umri wa kuoa ambazo mgandamizo wake bado uko imara, na zipo injini za juzi zilizochakazwa na vumbi la filta ya hewa iliyochanika. Umri hausomeki kwenye kadi ya gari.

Unasomeka kwenye geji ya mgandamizo. Fundi anafungua hita plagi au nozeli, anafunga geji, anapiga stata, anaandika namba ya kila silinda. Asubuhi moja inatosha. Asiye na geji hiyo anabahatisha kwa pesa yako. Silinda zikitoka karibu sawa na ndani ya kiwango cha kitabu, huenda ringi hazina kosa: tafuta kwanza sili za valvu, turbo inayovuja, au gasketi inayolia chini ya injini kila usiku. Weka 15W-40 ya CI-4 na filta mpya, mwaga kila kilomita 5,000, na andika unachoongeza katikati. Silinda moja ikianguka peke yake, mimina oili kijiko ndani ya tundu upime tena. Namba ikipanda, ringi za silinda hiyo ndizo zinazovujisha, na hapo mazungumzo na fundi yahamie kwenye bei ya kufungua injini.