Mwacheni Ale Kidogo

Wapendwa washarika, kuna kosa linalofanyika katika mikusanyiko ya kanisa kwa tabasamu na kwa sahani iliyojaa. Mtu analazimishwa kula. Akikataa, anaulizwa mbele za watu kama chakula cha wenzake kinanuka. Akila kidogo, anaambiwa anaringa. Akiinuka kwenda nje, maneno yanamfuata hadi mlangoni. Sisi tunasema kosa hili ni dhambi dhidi ya mwili wa mtu na dhidi ya ushirika wetu, na wakati umefika liitwe kwa jina lake.

Tunaoandika haya ni ndugu wa nyumba moja hapa Mwanza. Dada yetu mkubwa, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, anaishi na mkanda tumboni tangu mwaka 2012. Ametupa ruhusa tuyaseme ya kwake, ila jina lake tuliache. Tunakula naye kila siku. Tunajua tunachokisema.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wengi wanalihukumu bila kulijua. Mkanda huu ni pete ya silikoni. Daktari wa upasuaji anauzungusha sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na juu yake kinabaki kifuko kidogo tu. Chakula kinajaa hapo na kushuka polepole, hivyo mtu anashiba kwa tonge chache. Upande wa ndani wa pete kuna puto linalounganishwa kwa mrija na kidude kilichofichwa chini ya ngozi ya tumbo. Daktari anachoma sindano hapo, anaongeza maji ya chumvi ili mkanda ubane, au anayapunguza ili ulegee. Aliyekuwa wa kwanza kuufunga mkanda wa namna hii kwa njia ya matundu madogo, bila kupasua tumbo lote, ni Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia, mwaka 1993 katika mji wa Huy, Ubelgiji. Basi wanaosema haya ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu, wajue kwamba mkono wa Mwafrika wa mashariki umo ndani yake.

Siku hizi madaktari wengi wanapendelea kupunguza mfuko wenyewe wa chakula kwa kuukata, na pale Mloganzila, Dar es Salaam, wapo waliowekewa puto tumboni. Njia zinatofautiana. Lakini watu wa namna hii watazidi kuongezeka katika madhabahu zetu, na kanisa lisipojifunza sasa kukaa nao mezani, litawapoteza mmoja mmoja.

Shutuma ya kwanza tunayoisikia ni kwamba mkanda ni njia ya mkato. Eti mvivu amelipa fedha ili akwepe jasho. Tunawajibu: njooni mkae nyumbani kwetu wiki moja. Dada yetu anakata tonge dogo kuliko la mtoto, analitafuna mpaka liwe uji, anameza, anangoja. Hanywi maji akiwa anakula. Soda hanywi kabisa, kwa sababu ya gesi. Ugali mgumu, mkate laini unaogandamana kama donge na nyama yenye nyuzi vinaweza kukwama. Vikikwama, kifua kinabana kama kimekanyagwa, mate mazito yanajaa kinywani, na hakuna dawa ila kuinuka mezani na kusubiri vishuke au vitoke. Wakati mwingine ni nusu saa. Wakati mwingine ni jioni nzima.

Na hapo hatujasema ya muda mrefu. Mkanda unaweza kuteleza kutoka mahali pake. Unaweza kuuchimba ukuta wa mfuko wa chakula. Mrija unaweza kuvuja, kiungulia kinaweza kumkosesha mtu usingizi, na wapo wengi duniani ambao mkanda wao ulilazimika kutolewa. Kisha jueni hili: mkanda hauzuii soda, asali, aiskrimu wala uji wenye sukari nyingi. Vitu hivyo vinateleza na kupita. Anayetaka kunenepa na mkanda wake tumboni atanenepa. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa miaka zaidi ya kumi, dada yetu amechagua upya. Kama hii ni njia ya mkato, njia ndefu ikoje?

Shutuma ya pili inavaa joho la kiroho. Inasema: angefunga na kuomba, Mungu angemtoa mwili huo. Hili linatuumiza zaidi kwa sababu linasemwa na watu wanaompenda Mungu. Lakini mbona halisemwi kwa mwenye presha anayemeza vidonge kila siku, wala kwa mwenye miwani? Hezekia alipougua, nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake, na mfalme akapona. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Luka aliyesafiri naye alikuwa tabibu. Hapa kwetu Kanisa halijawahi kuona aibu kujenga hospitali. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko juu ya kilima chake, na wagonjwa wa Kanda ya Ziwa wanaipanda njia ile wakimwomba Mungu na kumwendea daktari siku hiyo hiyo. Hakuna anayewaambia wachague kimoja.

Na kufunga tusikuharibu. Katika Isaya sura ya 58 Bwana anakataa mfungo usiowafungua walioonewa. Mfungo si wa kumfurahisha mwenye mizani. Isitoshe, mwili wa mtu mwenye unene uliokithiri ukipungua kwa njaa, unapigana kurudi ulikotoka: hamu ya chakula inapanda, na nguvu zinazotumika mwilini zinapungua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene huo kuwa ugonjwa sugu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Hebu hesabuni mabenchi ya akina mama Jumapili ijayo, kisha mseme kama wote hao wamepungukiwa imani.

Shutuma ya tatu haisemwi kwa sauti, inanong'onwa: amekonda, ana nini? Tunaijua hofu hii ilikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo "Slim", yaani ule wa kukondesha. Ziwa hili lilizika vijana wengi waliokwisha wakabaki mifupa. Baada ya miaka ile, mwili mnene ukawa cheti cha uzima, na mke aliyenenepa akawa sifa ya mumewe. Hatuwalaumu wazee wetu waliojifunza hivyo makaburini. Lakini hofu ya jana isigeuke kuwa ushuhuda wa uongo leo. Dada yetu alipopungua kilo zaidi ya arobaini, sukari yake ikatulia na magoti yakaacha kumlaza njiani. Wakati sisi tunamshukuru Mungu, walikuwepo waliokuwa wakimpa siku za kuishi. Na anayeishi na virusi kweli, anapousikia mnong'ono huo, naye anapigwa kwa fimbo hiyo hiyo.

Sasa tuje mezani, maana huko ndiko hatari iliko. Katika sherehe zetu, kuanzia sendofu hadi kipaimara, kulishana keki kumekuwa kama ibada ya pili. Mwaka juzi, katika ukumbi mmoja, dada yetu aliitwa mbele pamoja na mashangazi wa binti. Alimwambia mshereheshaji kwa upole kwamba atapokea keki yake mkononi. Ukumbi ukapiga kelele: alishwe, alishwe. Kipande kikubwa kikasukumwa kinywani, na soda ikafuata ili kukishusha. Alitapika nje ya ukumbi, akaendelea kutapika usiku kucha, na kutapika kwa nguvu ni moja ya mambo yanayoweza kuutelezesha mkanda. Siku mbili hata maji hayakupita. Tukasafiri naye kwenda kwa daktari anayeujua mkanda huo, akautoa maji yote ndipo akaweza kumeza. Mtu anaweza kufa kwa kukosa maji mwilini, wapendwa. Anaweza kufa kwa sababu ya keki na kelele za furaha.

Tangu siku hiyo anakuja ibadani, anasali, kisha anaondoka kabla ya chai. Umoja wa wanawake anausikia kwa simu. Mikutano ya jumuiya inapoangukia nyumba ya wakarimu, yeye "anaumwa kichwa". Huyu ni mwanamke aliyepika kwenye masufuria ya kanisa hili kwa miaka ishirini. Hajaiacha imani. Ni meza ndiyo iliyomfukuza. Paulo aliwaonya Warumi kwamba anayekula asimdharau asiyekula, na kwamba kazi ya Mungu isibomolewe kwa ajili ya chakula. Tulidhani onyo lile lilihusu nyama za sanamu za zamani. Kumbe linahusu pilau.

Wapo watakaotujibu kwamba ukarimu ni mila yetu, na mgeni kukataa chakula ni tusi. Tunaiheshimu mila hiyo. Sisi ni watoto wa ukanda huu, na tumelelewa tukijua kwamba anayebisha hodi hali pekee ya mlangoni. Lakini ukarimu ni kumtazama mgeni, si kuitazama sufuria. Yesu alipomfufua binti wa Yairo aliagiza apewe chakula, kwa sababu aliona mwili wa mtoto ulihitaji. Na yeye mwenyewe baada ya kufufuka aliwauliza wanafunzi kama wana chakula, wakampa kipande cha samaki, akala mbele yao. Kipande. Hatusomi popote kwamba walimlazimisha amalize na kichwa.

Wengine watasema: basi kanisa lisihubiri juu ya ulafi? Lihubiri. Ulafi ni dhambi, na wembamba hawajasamehewa kwa kuwa wembamba. Lakini ulafi hausomwi kwa kipimo cha nguo. Mhubiri anayemwonyesha kidole mama mnene wa safu ya pili ili watu wacheke hajahubiri juu ya ulafi. Amemvua nguo dada yake nyumbani mwa Bwana. Na anayemsifu aliyepungua kwa kumlinganisha na "alivyokuwa" naye anafanya vivyo hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tunaomba nini? Tunaomba mambo ambayo baraza la wazee linaweza kuyaamua kikao kijacho. Kila mtu ajipakulie mwenyewe katika shughuli za usharika, na asiulizwe kwa nini amepakua kidogo. Kulishana keki kwa nguvu kukome katika sherehe zinazofanyika kwa jina la kanisa. Anayetaka apokee mkononi, asiyetaka aachwe. Mezani pasikosekane mchuzi wa sato na maji ya kunywa, maana si mwenye mkanda tu anayevihitaji. Wazee wasio na meno na wagonjwa wa vidonda vya tumbo watawashukuru. Salamu ya mlangoni isianze na mwili wa mtu. Na mfuko wa wagonjwa umhesabu mwenye mkanda kama mgonjwa mwingine yeyote, kwa sababu safari za kumfuata daktari hazikwishi mwaka wa kwanza, na kiwanja cha Buswelu kilichouzwa kulipia upasuaji hakiuzwi mara ya pili.

Na zaidi ya hayo, mwendeeni. Msimpelekee chakula kumpima. Mpelekeeni habari za umoja, kaeni, imbeni naye. Akikaribishwa mezani na kuachwa ale tonge zake tano kwa amani, atarudi. Tunamjua. Masufuria ya kanisa bado anayakumbuka kwa idadi.